Bodi ya Umeme Niliyomtengenezea Mama

Pombe ya mama iliharibika mara tatu mfululizo, na ilikuwa baada ya mara ya tatu ndipo nilipoanza kumtazama mikono.

Tuliishi kwenye shamba la mkonge, ndani kidogo ukishaipita Pongwe, miaka ya hamsini. Nilikuwa fundi umeme wa karakana, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, sijaoa. Baba alitushusha kutoka milima ya Usambara nikiwa mdogo, akakata mkonge mpaka kifua kikamshinda, tukamzika huko huko shambani. Mama hakurudi milimani. Alikuwa na kazi yake, na katika makambi yote ya shamba lile hapakuwa na mwanamke aliyeijua kazi hiyo kama yeye. Alipika pombe ya mahindi kwa kimea cha mtama, na alikuwa na kibali cha kuiuza kilabuni kila Jumamosi. Jumapili alikwenda kanisani akakaa benchi la nyuma, kwa sababu mchungaji alikuwa na maneno yake juu ya pombe, na mama hakutaka kukaa mahali atakapoyapokea usoni.

Pombe ile ina mahali pamoja pa hatari. Uji wa mahindi hupikwa ukaiva, ukamiminwa pipani, ukaachwa upoe kidogo, ndipo ukatiwa unga wa kimea. Ukitia kimea uji ukiwa wa moto mno, kimea hufa na pombe hubaki uji tu. Ukichelewa uji ukapoa, huchachuka vibaya ukawa kama siki. Kati ya moto mno na baridi mno pana nafasi ndogo, na nafasi hiyo mama aliipima kwa kiwiko. Alikunja mkono, akazamisha ncha ya kiwiko ndani ya uji, akakitoa, akasema, "Bado." Wanawake waliomsaidia wakasubiri. Baadaye akazamisha tena. "Tieni." Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kupima. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi aliyokuja nayo kutoka kwao: pombe ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye kiwiko. Pombe ikishaiva, ni yeye pia aliyekunywa kata ya kwanza mbele ya watu, ili waone kwamba alichowapikia hakimtishi.

Jumamosi ya tatu alikunywa kata yake, akakunja uso, akawapa watu. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo karibu na mlango.

"Bibi," alisema mkata mkonge mmoja, "huu ni uji wa mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Hata mgonjwa angedai sukari," akajibu mwenzake.

"Tumekuja kulewa, bibi, si kuachishwa ziwa!"

Kilabu kizima kikacheka. Mama naye akacheka, akasema mtama wa mwaka ule ulikuwa na mdudu. Lakini mtama niliununua mimi mwenyewe, na haukuwa na mdudu.

Nilikuwa na mazoea ya kuandika. Injinia wa shamba alitudai tuandike kila kitu cha chumba cha injini: saa, joto la maji, mafuta, mzigo wa umeme. Mazoea yale yalinifuata nyumbani. Nilikuwa na daftari langu mwenyewe, na wiki ile niliandika ndani yake mambo matatu. Kwamba mama alikuwa na lengelenge kubwa kwenye kiwiko cha kulia na hakulifunga. Kwamba aliinua sufuria jikoni bila kitambaa. Kwamba cheche ilimwangukia kidole kidogo cha mkono, ikakaa pale mpaka nilipoipangusa mimi, na yeye akaniuliza, "Unapangusa nini?"

Asubuhi moja ya Jumapili nilimwomba akae kwenye kigoda, ageuze uso ukutani. Nilichukua msumari nikawa namgusa mkononi, mahali baada ya mahali, kama ninavyotafuta waya uliokatika.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Hapa?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia, mwanangu. Unanichoma."

Mara ile ya mwisho nilikuwa sijamgusa.

Nilipomwambia, aligeuka akanitazama. Kisha alipandisha mkono wa gauni, akanionyesha baka karibu na kiwiko, limepauka kama ngozi iliyopakwa majivu. Alisema analo tangu masika ya mwaka uliopita. Alilijua. Alisema, "Ni ule ugonjwa mkubwa," kwa sababu kwetu jina lake lenyewe halitajwi mbele ya mwenye nao, hata kama mwenye nao ni wewe.

Akanisimulia habari ya shangazi yake huko milimani. Shangazi alijengewa kibanda ng'ambo ya mto. Chakula kiliwekwa kwenye jiwe, mtu akapiga kelele, akaondoka, ndipo yeye akatoka kukichukua. Alipokufa, kibanda kilichomwa naye akiwa ndani, na hapakukaliwa matanga. Mama alikuwa msichana wakati ule, na ndiye aliyekuwa akitumwa kuweka chakula jiweni.

"Siku hizi hawachomi," nilisema. "Siku hizi wana makazi yao, chini ya wamisheni."

"Ndiyo. Na wakienda hawarudi. Umemwona nani aliyerudi?"

Sikuwa nimemwona yeyote.

"Nataka kukaa hapa," alisema. "Kwako. Nipike pombe yangu mpaka nife. Watu wakijua, hakuna atakayekunywa, na wewe hakuna atakayekuoza binti yake. Usinitoe, mwanangu."

Nikamwahidi. Siku ile ile, baada ya kula, nilianza kuchora bodi.

Bodi ndilo jina tulilotumia karakanani: ubao wenye swichi, fyuzi na taa zinazoongoza mashine. Nilikuwa nimejenga bodi za pampu, na bodi ya mashine ya kukamua mkonge niliibomoa na kuiunda upya kwa mikono yangu. Niliona kwamba mama alikuwa amepungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni kipimo cha joto, na vipimo vya joto nilivijua. Nyumba yetu ya vyumba viwili ilikuwa ya wafanyakazi wa karakana, karibu na chumba cha injini, kwa hiyo tulikuwa na umeme, jambo ambalo makambini hawakuwa nalo. Injinia alikuwa ametupa tangi bovu la maji moto lililotoka bafuni kwake. Nilimwomba vyuma vyake. Akaniuliza vya nini, nikamwambia mama anapika pombe. Alicheka sana, akasema kwao hata baba yake alipika bia ghalani, akaniruhusu, ilimradi nisiwashe kabla mashine za mkonge hazijasimama mchana.

Vitu vingine vilikuwa kwa mkuu wa zamu, mzee wa makamo kutoka Pemba ambaye sote tulimwita Mpemba. Alikuwa na sanduku la vifaa vya zamani alivyovitunza kama mahari ya binti. Nilimwomba swichi ya sumaku, ile inayojivuta yenyewe umeme ukipita.

"Yakhe, wataka nini nayo?"

"Kuchemsha maji."

"Maji ya nini?"

"Maji tu."

Alinitazama. Alijua kazi ya mama kama kila mtu alivyoijua. "Maji ya kuogea?"

Nikalitazama sanduku lake.

"Basi ya kuogea," alisema, akafungua sanduku. "Mimi nimesikia ya kuogea. Kesho kiyama nikiulizwa, nitasema Mshambaa yule alitaka kuoga. Nao watastaajabu, kwani watu wa milimani hawaogi."

"Na Wapemba je?"

"Sisi twaishi ndani ya maji, yakhe, tuoge tena ya nini?"

Alinipa swichi, na kesho yake akaja kuniangalia nikifunga nyaya. Alinikosoa mahali pawili, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Pipa hakulitazama. Alikaa ameligeuzia mgongo.

Bodi ilikuwa ubao wa mvule, mrefu kama mkono wa mtu mzima, nimeupiga randa na kuupaka vanishi. Juu kulikuwa na swichi kuu. Chini yake fyuzi mbili za kaure. Chini zaidi, swichi ya sumaku ndani ya kiboksi cha bati, na pembeni taa mbili, nyekundu na kijani, pamoja na kengele ndogo ya mlango. Pipa la uji lilikaa ndani ya pipa kubwa zaidi lenye maji, na maji ndiyo yaliyopashwa moto, ili uji usiungue. Ndani ya uji nilizamisha kile kijiti cha shaba cha tangi ambacho hukata na kuwasha umeme kwa joto unalokipangia. Uji ukiwa wa moto mno, taa nyekundu iliwaka. Ukishuka mpaka pale panapotakiwa, taa nyekundu ilizimika, ya kijani ikawaka, kengele ikalia. Baada ya hapo bodi yenyewe ililinda joto lisishuke zaidi.

Shida ilikuwa kujua panapotakiwa ni wapi. Joto lile halikuandikwa popote. Lilikuwa kwenye kiwiko cha mama, na kiwiko kilikuwa kimekwisha. Kwa hiyo nilitumia changu. Tulipika uji kidogo, nikazamisha kiwiko, na yeye akanieleza kwa maneno.

"Ni zaidi ya maji ya kumwogesha mtoto mchanga," alisema. "Zaidi ya hapo. Ni pale mkono unapotaka kukimbia, lakini unaona haya."

Nilitafuta mahali pale mara tano. Mara ya tano nilitia kipimajoto cha chumba cha injini, nikaandika namba daftarini. Mama alinitazama nikiandika. Alitabasamu. Nadhani alifurahi kwamba kitu kile kimepata mahali pa kukaa.

Pombe ya kwanza ya bodi ilikuwa nzuri. Ya pili ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupika, na wakata mkonge waliokuwa wakimtania walikuja na kata zao wenyewe ili wasisubiri zamu. Waliiita pombe ya umeme. Mmoja alisema ukinywa mbili unaona taa ya kijani, ukinywa nne unasikia kengele. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Naikumbuka miezi ile kama miezi ya heri, na ndicho kinachonisumbua.

Wanawake watatu walimsaidia. Wawili walikuwa wake wa watu wa kambini. Wa tatu alikuwa jirani yetu Mbondei, rafiki yake wa miaka kumi na zaidi, waliitana somo. Somo hakuipenda bodi.

"Somo yangu, kiwiko chako umekipeleka wapi? Umekiweka rehani?"

"Kimezeeka. Mwanangu kanipa kingine."

"Hm. Hiki kina kengele. Tukikuzika tukuzike nacho?"

Mama aliyageuza maneno. Kila alipokuja somo, mama alivaa mikono mirefu, hata wakati wa kaskazi.

Kisha swichi kuu ikaanza kumshinda. Ilikuwa na kifundo kidogo cha kuzungusha, na kidole kidogo na kile cha pembeni yake vilikuwa vimeanza kujikunja, havinyooki tena. Nilitoa kifundo nikaweka mpini wa mbao, ausukume kwa kiganja. Miezi miwili baadaye kiganja nacho hakikuwa na nguvu. Niliushusha mpini ukawa wa kusukuma kwa kiwiko. Taa alizifunika kwa bahati mbaya na khanga asisikie kwamba khanga inaungua, nikazizungushia wavu wa waya. Kila mara niliandika daftarini: siku, nilichobadilisha, na sababu. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na fahari. Mkono wake ulikuwa ukifa kipande kwa kipande, nami kila kipande nilikiundia kingine nikakibandika kwenye ubao.

Katika kazi yetu pana dhambi moja ambayo Mpemba hakuisamehe. Fyuzi ikikatika, imekatika kwa sababu. Fundi mvivu huweka waya mnene mahali pa fyuzi, taa zikarudi, watu wakamshukuru, na kule ndani ya ukuta waya ukaendelea kuungua taratibu. Nilishawahi kumwona Mpemba akimfukuza mtu kazini kwa hilo, mtu mwenye watoto sita. Mimi sikuwahi kulifanya karakanani hata mara moja. Nyumbani kwangu nililifanya mwaka mzima, na sikulijua jina lake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mchana, siku ya kupika. Mashine za mkonge zilikuwa zimesimama, nami niliitwa chumba cha injini kwa sababu mkanda wa injini ndogo ulikuwa unateleza. Ulikatika mbele ya macho yetu. Umeme ukazimika karakanani, ofisini, na nyumbani kwetu. Tulikuwa tukitafuta mkanda wa akiba nilipokumbuka kwamba mama ana uji pipani.

Niliyoyakosa alinisimulia somo baadaye. Uji ulikuwa umemiminwa muda mfupi tu. Taa nyekundu ilikuwa imewaka, ikazimika. Ya kijani haikuwaka. Kengele haikulia. Wanawake walisimama na unga wa kimea kwenye ungo, wakitazama ubao.

"Sasa, bibi?" aliuliza mmoja wa wale wawili wa kambini. "Umeme umelala. Tutasimama hapa mpaka lini?"

"Tungoje kidogo," alisema mama.

"Uji utapoa."

"Tungoje."

"Si una kiwiko? Ulituambia mwenyewe, pombe ya mtu asiye na kiwiko ni maji ya kuoshea vyombo."

Alimtania tu. Somo aliniapia kwamba alimtania tu. Lakini mama alikuwa mwenye pombe, na mwenye pombe alikuwa ameitwa mbele ya watu wake. Alipandisha mkono wa gauni kidogo tu, usionyeshe baka, akazamisha kiwiko ndani ya uji uliotoka jikoni punde tu.

Hakukitoa. Alikuwa akisubiri asikie. Alisimama hivyo, ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni nje, na uji ukiwa bado unatoa mapovu kuuzunguka mkono wake. Wanawake wale waliona. Yule aliyetania aliangusha ungo.

Ni somo aliyemvuta. Ngozi ilikuwa imeanza kuachana na nyama. Mama akasema, kwa sauti yake ya kila siku, "Bado."

Nilipofika, wale wawili walikuwa wamekwisha kwenda, na unga wa kimea ulikuwa umetapakaa mlangoni. Mama alikuwa kitandani, mkono umefungwa kwa khanga safi ya somo. Somo alikuwa amesimama katikati ya chumba. Nilidhani analia kwa hofu. Alikuwa na hasira.

"Tangu lini?" aliniuliza.

Nilisogea kitandani nikamtazama mama.

"Nakuuliza wewe, fundi. Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka juzi," alisema mama kutoka kitandani.

"Masika ya mwaka juzi! Nakula kwako, nalala kwako, nakusuka nywele, na hukuniambia! Uliona nitakimbia?"

"Niliona utakimbia, somo."

"Mwana wa dada yangu yuko Pongwe. Alikuwa nao. Alikwenda kwa wamisheni mapema, akapewa vidonge, kakaa miezi, karudi, anauza samaki sokoni na vidole vyake vyote kumi. Kumi! Ningekuambia. Ningekuambia siku ile ile, kama ungenipa nafasi ya kukimbia nikaona mwenyewe kama nakimbia."

Mama aligeuza uso ukutani. Miaka yote ile vidonge vilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka kitandani pake. Hatukujua kwa sababu hatukuuliza, na hatukuuliza kwa sababu mtu akiuliza watu watajua anauliza kwa ajili ya nani.

Tulikwenda kwa wamisheni Jumamosi. Wakati ule kilabuni watu walikuwa wanakunywa pombe ya mtu mwingine. Mpemba alituombea gari la shamba lililokuwa linakwenda huko, akamsaidia mama kupanda kwa kumshika mkono ule ule, wazi wazi, mbele ya karakana nzima. Alimwambia, "Pole, mama. Safari njema, Inshallah," na mimi hakuniambia neno.

Hospitalini tulipokewa na dresa mmoja, msaidizi wa daktari, kijana kunizidi mimi, mpole. Alimgusa mama kwa mikono mitupu, jambo lililomshangaza mama hata akaurudisha mkono nyuma. Aliuliza maswali mengi: lini baka, lini ganzi, lini vidole vilianza kujikunja. Mama hakukumbuka. Mimi nilikuwa na daftari mfukoni, kwa hiyo nikampa. Nilidhani nasaidia.

Alilisoma lote. Alikuwa msomaji wa polepole, kidole chake kikifuata mstari. Lengelenge. Cheche. Msumari. Kifundo kutolewa, kwa sababu kidole kidogo hakinyooki. Mpini kushushwa, kwa sababu kiganja hakina nguvu. Alipofika mwisho alirudi nyuma kurasa kadhaa, akasoma tena pale pa kifundo.

"Hapa," alisema, "ndipo mngekuja."

Hakusema kwa ukali. Alifunga daftari akanirudishia. "Umeandika vizuri sana, ndugu yangu. Madaktari wetu hawaandiki hivi. Uliona yote haya, ukakaa?"

Nilimwambia nilitengeneza bodi. Hakuelewa, na sikuendelea kumweleza.

Akamgeukia mama. "Vidonge vipo, mama. Ugonjwa utakwisha, nakuahidi. Hutamwambukiza mtu. Lakini vidole hivi havitanyooka, na hisia hairudi."

"Mkono huu?" aliuliza mama.

"Huo. Na wa kushoto, nadhani, unaufuata. Tutajaribu kuuwahi."

Hawakuuwahi wote. Mkono wa kushoto ulibaki na vidole viwili vinavyofanya kazi. Jeraha la kiwiko lilichukua miezi kupona. Mama alikaa kwenye makazi yale karibu miaka mitatu, na aliyoyaogopa hayakutokea: hakuna aliyemwekea chakula jiweni, na alipopona aliambiwa aende nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kuing'oa bodi. Swichi ya sumaku nilimrudishia Mpemba, akaifuta kwa kitambaa na kuiweka sandukuni, na vile vingine nilivigawa kwenye kazi za shamba, mpaka sikuweza tena kusema kipi kiko wapi.

Nilikwenda kumwona kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Makazi yalikuwa na bustani za mihogo na njia zilizofagiwa, na wagonjwa walifundishwa jambo moja kila asubuhi: tazama kwanza, ndipo ushike. Wale wenye macho mazuri waliwatazamia wenzao. Mama aliyashika mafunzo yale kama alivyoshika kila kazi, kwa utaratibu, na nilimsikia akiwakaripia wageni wapya wasioangalia miguu yao.

Jumapili moja, mwaka wa pili, somo alikuwa amenipa mahindi ya kuchemsha nimpelekee. Tulikaa kwenye ukumbi wa nyumba yao. Nilimpukuchulia punje kwenye sahani, akazichota kwa vile vidole viwili, moja moja. Nilikuwa nimebeba maneno kwa muda mrefu, nikaona nisiyabebe tena. Nilimwambia ningemleta mapema, angekuwa na mikono. Nilimwambia niliona kila kitu na nilikiandika.

Hakunibembeleza. Alimaliza punje iliyokuwa mdomoni.

"Niliomba nisitolewe," alisema. "Ukanitii. Ungenivuta kwa nguvu ningekulaani, mwanangu, na ningekuwa na vidole."

Kisha akauliza nani anapika kilabuni siku hizi. Nikamwambia ni yule mwanamke aliyeangusha ungo. Akauliza kama anapima vizuri. Nikamwambia watu hawalalamiki. Alitazama sahani, akachota punje nyingine, ikamponyoka ikaanguka chini. Nilipoinama kuiokota akasema niiache, kuku wataila.